Paa Hili Halikatwi

Paa lile nimelitengeneza mimi. Naanza na hilo ili asije mtu akasema nilikuwa mpita njia. Chuma nilikikata Kizota, kwenye karakana yetu mimi na Hamidu, nikakichomelea kwa mkono wangu, na siku ya kulipandisha kilimani nilikaa juu ya lori nimelishika kwa kamba kama mtu anayepeleka fahali mnadani.

Ni paa la bati linaloteleza juu ya reli, mtindo uleule wa mageti ya kuteleza ambayo wakubwa waliohamia Dodoma wanayapenda sana. Mageti hayo nimeyachomelea mpaka macho yanauma, na kila moja kazi yake ni kumzuia mtu. Hili likiteleza linaacha anga liingie. Chini yake kuna kibanda cha matofali, na ndani ya kibanda kuna darubini nene kama pipa, ina kamera kwenye kitako.

Aliyeniagiza anaitwa Elieth. Ni daktari, lakini si wa sindano. Anasomesha mambo ya nyota chuoni hapa mjini, na kwao ni Bukoba. Siku ya kwanza alinieleza kazi yake akiwa amekaa juu ya tairi bovu, sketi imejaa vumbi la grainda. Alisema kuna nyota zinazopumua. Zinatanuka, zinasinyaa, na mwanga wake unapanda na kushuka kufuata pumzi hiyo. Nyingine humaliza pumzi moja ndani ya usiku mmoja, nyingine huchukua karibu mwaka mzima. Huwezi kuzitambua kwa kutazama mara moja. Unapiga picha kipande fulani cha anga, kesho unakipiga tena, keshokutwa tena, halafu unalinganisha nyota kwa nyota, ipi imefifia, ipi imewaka.

"Na ukishaipata?" Hamidu alimuuliza.

"Naandika kwamba ipo."

"Halafu?"

"Halafu natafuta nyingine."

Hamidu ni mtu wa Kondoa, mtoto wa wafanyabiashara, hapendi kitu kisichokuwa na halafu. Alinitazama kwa jicho la kusema huyu mteja wako, shughulika naye. Mimi nilimpenda palepale. Watu wanaokuja kwetu na miradi yao huanza na neno maendeleo. Huyu hakulitaja hata mara moja.

Kilima kiko kijijini kwetu, nje ya mji, ukiiacha barabara ya Kondoa. Taa za mjini hazifiki. Kijiji kiliridhia kwenye mkutano na kibanda kikajengwa. Lakini upepo wa kwetu una mchanga, paa likawa linakwama, na anayejua linapokwama ni mimi. Kwa hiyo nikawa nashinda Kizota, jioni napanda kilima kulifungua. Nikazoea. Baadaye nikagundua kwamba siku nisiyopanda silali vizuri.

Mwaka huo Elieth alikuwa na nyota moja iliyomnyima raha. Pumzi yake ilikuwa ndefu, na tangu kipupwe ilikuwa inafifia tu. Wenzake wa nchi za nje, wanaofanya nao kazi hiyo, wakamwandikia kwamba hiyo si nyota inayopumua, ni kamera yake imeingia vumbi la Dodoma. Jibu la maneno hayo lilikuwa moja: aikamate inapogeuka na kuanza kuwaka tena. Alikisia itageuka Desemba. Wakati huo ingekuwa inaonekana jioni tu, upande wa magharibi, muda mfupi kabla haijazama. Baada ya hapo ingefuatana na jua, isionekane kwa miezi. Jioni zikipotea, kazi yote ya mwaka ni takataka, na wale wenye maneno ya vumbi wameshinda.

Desemba, sasa. Kwetu Ugogoni Desemba ina maana moja, nayo si nyota.

Kanisani kwetu, kabla ya mahubiri, mchungaji huuliza nani ana hitaji la maombi. Mtu anasimama na kusema mtoto wangu anaumwa, ng'ombe wangu hawajarudi, na watu wote wanaitikia amina. Jumapili moja mwanzoni mwa Desemba Elieth akasimama. Alikuwa ameshazoeleka, akinamama walishamfundisha kusonga ugali wa uwele. Akasema, kwa sauti yake safi ya mwalimu:

"Wapendwa, naomba mniombee. Wiki hizi Mungu atuondolee mawingu."

Amina haikuja. Nilisikia benchi likilia nyuma yangu na mtu mmoja akikohoa. Kwao Bukoba mvua ni kama jirani anayeingia bila hodi, unaweza kumwambia leo niache. Sisi tulikuwa tumeshaberega mashamba, tumefyeka na kupanda bila kulima, mtama na uwele umelala kwenye udongo mkavu, na tunaomba mchwa wasiumalize kabla ya tone la kwanza. Katikati ya watu hao ndipo aliposimama na kuomba mawingu yaondoke.

"Mungu anajua mahitaji yetu sote," mchungaji akasema, akarukia wimbo bila kutaja namba yake.

Nje nilimvuta kando. "Unajua umeomba nini?"

"Anga safi."

"Umeomba njaa, daktari."

Akashika mdomo. Kisha akarudi ndani peke yake, akaomba radhi mbele ya wote waliokuwa bado wamekaa. Wakamwambia yameisha, mgeni hana kosa. Lakini walikuwa wameshasikia.

Na mvua haikuja. Kila alasiri mawingu yalitokea mashariki, meusi, mazito, yakajaa mpaka mbuzi wakaanza kukimbilia nyumbani. Kila jioni yakapasuka na kutawanyika. Yakishatawanyika, mimi napanda na kulifungua paa. Watu wa chini wakawa wanaona bati likimeta kwa jua la machweo, linatembea, na juu yake anga tupu. Wakaunganisha.

"Huyo akifungua bati lake mawingu yanakimbia," wakasema.

Nilikwenda kilabuni kuwaeleza. Nikawaambia mmekamata mkia mkadhani ni kichwa. Mimi nafungua kwa sababu mawingu yameondoka. Mawingu yakiwepo sifungui, nitafungua ili nione nini?

Mzee mmoja akafuta povu la pombe mdomoni. "Na mlevi naye husema nimelewa kwa sababu kibuyu kimeisha."

Wakacheka mpaka wakagonga meza. Hakuna aliyenisikiliza tena.

Habari ikashuka mpaka mjini. Nilipokwenda sokoni Majengo kununua mtama, maana wa nyumbani ulikuwa unaishia, muuza nafaka akapaza sauti, "Jamani, mpisheni mfunga mvua! Fundi, nichomelee wingu moja, hata dogo, nitalibeba kwa bodaboda!" Nikamwambia achote mtama afunge mdomo. Karakanani nako Hamidu hakunionea huruma.

"Eliakimu," akasema, "wewe ni Mgogo. Mimi Mrangi najua kwamba mambo ya mvua kwenu hayachezewi. Chomoa mguu."

"Mguu niuweke wapi?"

"Hapa. Tuna mageti ya kumaliza."

"Mageti yatamalizwa. Jioni napanda kilima."

Mkutano wa kijiji uliitishwa chini ya jua kali, nje ya ofisi. Mwenyekiti wetu anaitwa Elieza. Tulikaa dawati moja mpaka nilipoacha shule, na tangu wakati huo ananiita kwa upole, kama mtu anayemwita mbwa asiyeaminika.

"Fundi," akasema, "hatutaki fujo. Hatutaki vijana wapande huko na mawe. Wewe ndiye uliyelichomelea. Lete grainda yako ulikate kwa utaratibu, mali ya chuo isiharibike, wahamishie mahali pengine."

"Silikati."

"Hatujakuuliza kama unataka."

"Na mimi sijajibu kama nataka. Nimesema silikati."

Watu wakaguna. Elieth alikuwa amekaa mbele na akinamama. Mzee yuleyule wa kilabuni akamnyooshea fimbo. "Binti, hebu tuambie. Hiyo nyota yako itatuletea nini?"

Niliomba moyoni adanganye kidogo. Angesema watalii, angesema barabara, angesema ajira za vijana, na nusu ya mkutano ingelegea. Akasimama.

"Shikamoo, babu. Haitawaletea kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni nyota, na ninataka kujua inafanya nini. Mvua siizuii, na ningekuwa na uwezo wa kuizuia nisingekuwa naomba kanisani."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikuta yuko peke yake. Elieza akanigeukia mimi.

"Unalisikia hilo? Kwa kitu kisicholeta kitu, unagombana na kijiji? Na shamba lako je?"

"Shamba langu limekauka kama lenu. Mbegu zangu zinaliwa na mchwa haohao. Mngekuwa mnaniambia nichimbe lambo la maji, ningekuwa wa kwanza kushika jembe. Mnaniambia nikate paa ili mjisikie mmefanya kitu. Hapana."

"Basi tutazungumza kwenye chama cha kuzikana," akasema Elieza, bado kwa upole. "Mtu asiyesikiliza wenzake akiwa hai, sijui kwa nini wamsikitikie akiwa maiti."

Hilo lilinigonga. Kwetu unaweza kuishi bila mengi, lakini mtu akifa bila wenzake wa kuchimba kaburi, wa kupika, wa kukesha na wafiwa, amekufa vibaya. Niliinuka nikaenda zangu. Nadhani walidhani nimekubali. Jioni wakaliona bati likitembea.

Ndipo wanawake walipolichukua jambo mikononi mwao.

Sisi tuna desturi. Nchi ikiharibika na wanaume wakishindwa kuitengeneza, wanawake wanaichukua. Wanavaa nguo za waume zao, za kaka zao, wanashika fimbo, wanaimba nyimbo ambazo siku nyingine wangezionea haya, na wanaufukuza ubaya kama mtu anavyoswaga ng'ombe, mpaka mpakani magharibi, wautupe huko jua linakoanguka. Siku hiyo mwanaume anakaa ndani. Akikutwa njiani anapigwa, na hana pa kushtaki. Kanisa halipendi, na imekuwa adimu. Mimi nilikuwa nimeiona mara moja, nikiwa mdogo, kutoka uvunguni mwa kitanda.

Nilikuwa kilimani alasiri ile, natia grisi magurudumu ya paa. Elieth yuko ndani na kompyuta yake. Nikasikia nyimbo zinapanda. Nikatazama chini, nikaona suruali. Suruali, makoti, kofia, na vilemba chini ya kofia. Mbele kabisa alikuja dada yangu Anyesi, aliyenilea baada ya mama kufa, amevaa overoli langu la bluu lenye matundu ya cheche, na barakoa yangu ya kuchomelea ameisukuma juu ya paji la uso. Nyuma yake alikuwa Lea, mke wa mwenyekiti, ndani ya koti la Elieza la mikutano.

Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Dada yako simjui," akasema Anyesi. "Mimi ni Eliakimu, fundi wa Kizota, kichwa kigumu kama nondo."

Wakaangua kicheko. Lea akatoa sauti nene ya mumewe: "Fundi, hatutaki fujo!" na kicheko kikazidi. Hata mimi ilibidi ning'ate mdomo.

"Toka mlangoni," Anyesi akasema. "Tunachukua jicho la hiyo mashine, tunakwenda kulitupa magharibi. Tukimaliza, tunakuachia bati lako."

"Halichukuliwi."

"Leo mwanaume ni mimi. Nakuamuru fungua."

"Wewe si umesema ni Eliakimu?"

"Ndiye mimi."

"Basi unajua kwamba Eliakimu hatoki mlangoni."

Niliona midomo yao ikipigana na kicheko, Lea akashindwa, akageuka pembeni koti linatikisika. Anyesi hakucheka. Alinichapa fimbo begani, ya kwanza, kisha ya pili. Wengine wawili wakasogea na kunichapa miguuni. Ni haki yao. Sikuinua mkono, wala sikuhama.

"Pigeni," nikasema. "Nitapigwa mpaka mchoke. Lakini niulize kitu kimoja. Mmevaa suruali zetu kwa sababu sisi wanaume tumeshindwa, na ni kweli tumeshindwa, tumekaa kilabuni tunatafuta wa kumlaumu. Humu ndani kuna mwanamke. Wanaume wa mbali wanamwambia alichokiona ni vumbi, hajui kazi. Wamengoja mwaka mzima akate tamaa. Sasa mnataka kuwamalizia kazi yao nyinyi?"

"Usitugeuzie maneno," akasema Anyesi, lakini fimbo ilikuwa imesimama hewani.

Elieth akatoka. Alipita chini ya mkono wangu, akasimama mbele ya dada yangu, mfupi, miwani imeteremka puani.

"Mashine haina mdomo, dada Anyesi," akasema. "Maneno niliyatoa mimi. Kama kuna kitu cha kutupa magharibi, ni maneno yangu, na mwenye kuyabeba ni mimi. Nichukueni mimi. Jicho liacheni."

Wakatazamana. Wakaongea Kigogo harakaharaka, na mimi nikajifanya sisikii, maana siku ile sikutakiwa kuwa na masikio. Mwisho Anyesi akamkagua kutoka juu mpaka chini.

"Hana nguo ya kiume."

Nikavua shati langu nikampa. Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka bondeni. Nilibaki kifua wazi, tumbo langu la makamo limening'inia juu ya mkanda, mwanaume mmoja kilimani katikati ya wanaume wenye vilemba. Lea akauliza kama hilo tumbo nalo nimelichomelea mwenyewe.

"Kabla ya jua kuzama niwe nimerudi," Elieth akamwambia Anyesi, akikunja mikono ya shati. "Nyota yangu inazama mapema."

"Utarudi tukikurudisha."

"Basi twendeni haraka," akasema, akashika fimbo aliyopewa na mmoja wao.

Waliteremka wakikimbia kwa nyimbo, vumbi likawafunika. Nikabaki na darubini. Mawingu yalikuwa yamejaa juu yangu, meusi kama masizi. Niseme ukweli: nilitaka yapasuke pale pale, yaniloweshe, yaijaze mito, mtama uamke. Na nilitaka magharibi pabaki wazi. Nilivitaka vyote viwili na sikuona kwa nini nichague. Mtu mwenye njaa hakatazwi kutazama juu. Nikaendelea na grisi.

Walirudi jua limeshalalia upande. Waliyoyafanya mpakani hayanihusu na sikuuliza. Elieth alikuja viatu mkononi, sauti imemkauka kwa kuimba, shati langu limechanika kwapani. Aliingia kibandani moja kwa moja na nikasikia mashine ikianza kunguruma.

Wanawake wengine walikaa chini kupumzisha miguu. Anyesi akaja mpaka kwenye reli, akatazama magharibi. Mawingu yalikuwa yametawanyika tena, pamebaki wazi, pekundu.

"Maneno tumeyatupa," akasema.

"Asanteni. Sasa nafungua."

"Leo leo?"

"Si unaona mwenyewe? Hakuna wingu."

"Eliakimu, sikiliza." Alikuwa amerudi kuwa dada yangu, ingawa overoli bado lilikuwa mwilini mwake. "Elieza na wenzake wameshatoka ndani, wamekaa pale chini kwenye magogo wanatazama huku. Wamengoja kuona kama bati litatembea hata leo. Likitembea, kesho wanakufuta kwenye chama."

"Wanifute."

"Na ukifa?"

"Nitakuwa nimekufa."

"Hayo si majibu! Nani atakuchimbia?"

Nilishika bati, nikaweka miguu sawa. Kutoka ndani Elieth akaita, "Fundi, tayari," kwa sauti iliyobaki.

Anyesi akanitazama, akatazama chini kwenye magogo. Akatema mate mchangani.

"Nitachimba mimi," akasema. "Nimewaona wanavyochimba. Jembe, sururu, na kelele nyingi. Si kazi ya ajabu."

"Mwanamke hachimbi kaburi."

"Na mwanamke havai overoli. Sukuma hilo bati, jua linaondoka."

Magurudumu yalikuwa yamelowa grisi. Paa lingeweza kwenda kimya, hata mtoto angelisukuma. Nililisukuma kwa mwili mzima, kifua wazi, likaruka juu ya reli na kugonga kizuizi cha mwisho kwa kishindo cha chuma kwa chuma, ili kule chini kwenye magogo wasipate taabu ya kukisia.